Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutafiti jinsia, uhamiaji, kazi na amani nchini Uganda kwa Kiswahili

Naishi Makindye, Kampala, na riziki yangu ni kuhoji na kutafsiri kwa niaba ya watafiti. Maswali haya yananijia kwenye simu karibu kila wiki. Mengi ni ya wanafunzi wa hapa, mengine ni ya watafiti wa ng'ambo kabla hawajapanda ndege, na machache ni ya akina mama wanaohojiwa. Nimeyajibu vile ninavyoyajibu kwa mdomo, kwa hiyo kuna jibu refu na kuna jibu la mstari mmoja.

Kwa nini mambo manne haya yanatiwa kapu moja? Si ni taaluma tofauti?

Chuoni ni tofauti, ndiyo. Sasa mchukue mwanamke wa aina ninayekutana naye kila mara. Ametoka Rutshuru, mashariki ya Kongo, akavuka mpaka mwaka 2022, wakati waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana mwezi Juni. Mume hajulikani aliko. Akapelekwa makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, akapewa kipande cha ardhi ambacho mahindi yake hayafiki mavuno mengine. Akaja Kampala, akapanga chumba kimoja, tunachokiita muzigo, kule Katwe, anatembeza vitenge begani kutoka ofisi hadi ofisi huku akiwakwepa askari wa jiji. Jumapili baada ya ibada ndiye anayeitwa kusuluhisha wapangaji wanaogombania bomba la maji, Wakongo kwa Waganda.

Mtafiti wa uhamiaji atamwandika mkimbizi. Wa kazi atamwandika mchuuzi. Wa amani, kama atamwona kabisa, atamwandika mpatanishi. Mwenyewe ni mama wa watoto wanne na kodi inamdai. Ukimgawa vipande vinne ili ukidhi mahitaji ya idara yako, utarudi nyumbani na robo ya habari.

Nianze na kazi za nani?

Wengi wanadhani utafiti huu umeletwa na miradi ya juzi juzi. Audrey Richards, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeiongoza taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere miaka ya 1950, alisimamia uchunguzi mkubwa wa vibarua waliohamia Buganda, wengi wao kutoka Rwanda na Burundi, na ukachapishwa mwaka 1954. Baadaye Christine Obbo, mwanaanthropolojia wa Uganda, aliwafuata wanawake waliohamia vitongoji vya Kampala wakati ambapo mwanamke aliyekuja mjini peke yake alipewa jina moja tu, na wewe unalijua. Kitabu chake cha 1980 ndicho ninachompa kila mwanafunzi kwanza, kwa sababu aliwachukulia wanawake hao kuwa watu waliopiga hesabu zao na kuamua.

Makerere ilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 za kuingilia chuo mwaka 1990, na mwaka 1991 ikafungua idara ya masomo ya wanawake, mkuu wake wa kwanza akiwa Victoria Mwaka. Leo ni Skuli ya Masomo ya Wanawake na Jinsia. Julai 2002 chuo hicho kiliandaa kongamano la nane la Women's Worlds, la kwanza kufanyika Afrika. Upande wa sheria yupo Sylvia Tamale, mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo cha sheria pale. Kuhusu wakimbizi, usipite bila kusoma ripoti za Refugee Law Project, iliyoanzishwa mwaka 1999.

Na kwa anayedhani ukimbizi Uganda ulianza na Wanyarwanda: miaka ya 1940 walipokelewa Wapolandi kama elfu saba, wengi wanawake na watoto, Nyabyeya kule Masindi na Koja karibu na ziwa. Kanisa walilolijenga Nyabyeya bado lipo.

Nahitaji vibali gani?

Kwanza kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa hapa nchini. Ya chuo chako cha Ulaya haitoshi peke yake. Halafu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kama unaingia makazi ya wakimbizi, unaongeza barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu, idara ya wakimbizi, kisha unajitambulisha kwa kamanda wa makazi. Mjini unapita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa mtaa. Usimruke mwenyekiti wa LC1. Unaweza kuwa na mihuri yote ya Kampala, lakini kama yeye hakujui, akina mama watakufungia mlango kwa adabu sana.

Panga miezi, si wiki.

Je, Kiswahili kinatosha kwa utafiti Uganda?

Inategemea unamhoji nani, na ana umri gani.

Kwa karatasi, Kiswahili kina hadhi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini mtafute mama wa miaka sitini na kitu aliyekulia Kampala au Luweero, umwamkie kwa Kiswahili, umtazame uso. Kwake Kiswahili ni lugha ya kizuizi barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari walikuwa wanazingira mtaa, wanawasomba watu kwenye malori, na amri yenyewe ikawa jina la operesheni: panda gari. Maneno hayo mawili hadi leo hayahitaji kutafsiriwa kwa Luganda.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Tulikuwa kwa bibi mmoja kando ya barabara ya Bombo, utafiti wa wajane wa vita. Nilianza na Kiswahili changu kizuri, "Karibu kiti, mama, tafadhali keti chini hapa tuongee." Neno "chini" lilipotoka akasimama, akaingia ndani, akarudi na kitambulisho chake cha taifa. Akaninyooshea kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Mahojiano yaliendelea kwa Luganda, mjukuu wake akisaidia, na mimi nikawa mtu wa kuandika tu.

Hamia sasa Nakivale, Kyaka II, Kyangwali au Rwamwanja, ambako wakazi wengi wametoka mashariki ya Kongo. Huko Kiswahili ni lugha ya soko, kwaya na ugomvi. Mama aliyekataa kusema na mkalimani wa Kiingereza wiki nzima atakusimulia mpaka jua lizame. Yumbe na Adjumani, kwa watu wa Sudan Kusini, utahitaji Kiarabu cha Juba, Kibari au Kidinka. Gulu na Kitgum ni Kiacholi. Kiswahili huko tena ni cha wanajeshi.

Kwa hiyo lugha ya kuulizia amani ichague baada ya kujua nani aliitumia wakati wa vita.

Kiswahili changu ni cha Tanzania. Nitaelewana na Wakongo?

Mtaelewana, na mtacheka. "Shikamoo" usiitegemee, wengi hawaitumii. "Jambo mama" inatosha, ukimpa mkono. Mtihani uko kwenye kitenzi kimoja. Ukimsikia anasema "nilikuwa natumika kwa Muhindi", usiandike kwamba alikuwa anatumiwa vibaya. Kutumika kwao ni kufanya kazi. Nimeona rasimu ya ripoti iliyomgeuza karani wa duka kuwa mhanga wa usafirishaji haramu wa binadamu kwa kosa hilo, na mwandishi alikuwa amelijengea aya nzima.

Neno lenyewe "jinsia" nalo lina mambo. Wataalamu wanatenga jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani yale ambayo jamii inayatarajia kwa mwanamke na mwanamume. Mtaani hakuna anayetenga. Na katika makazi, kwa sababu ya mashirika, watu wengi wakisikia "jinsia" wanafikiria ukatili. Ukisema "nimekuja kuuliza mambo ya jinsia", mama atakujibu haraka, "Mimi bwana yangu hanipigi."

Nikiuliza "unafanya kazi gani?" wanajibu "hakuna". Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Mwaka juzi nilikaa na mama mmoja Kyaka II, mlangoni pake, mtoto kalala mgongoni. Hojaji ilitaka kazi yake. Akasema, "Sina kazi, nakaa tu." Mwanafunzi niliyekuwa naye akaweka alama kwenye kisanduku cha wasio na ajira, akageuza ukurasa. Nikamwomba dakika moja. Nikamuuliza mama, jana ulipoamka ulifanya nini? Akaanza. Aliamka giza bado, akateka maji madumu matatu. Akaenda lejaleja, yaani kibarua cha kutwa, kwa mwenyeji mmoja Mtooro ng'ambo ya kijito, akapalilia maharagwe mpaka adhuhuri, akalipwa nusu pesa na nusu mihogo. Akarudi, akaimenya, akaitandaza juani. Akafua nguo za mwalimu kwa ujira. Akapika. Usiku akasuka nywele za jirani wawili, mmoja amelipa na mmoja bado. "Basi," akasema, "ni hivyo tu, nakaa."

Mwanafunzi akafuta alama yake, akakosa kisanduku cha kuiweka.

Kwa hiyo usiulize kazi. Uliza jana. Kisha uliza pesa ya mwisho uliyoshika mkononi ilitoka wapi, na ikaenda wapi. Neno "kazi" kwa wengi maana yake ni mshahara, bosi na kitambulisho shingoni. Na hata huo mshahara, sheria haiukingi sana. Kima cha chini kilichopo Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na leo hakinunui hata kuku.

Uliza pia ni nini kimebadilika. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza msaada mpaka karibu wakimbizi milioni moja nchini wakatoka kwenye mgao. Mgao ukikatika, watu wengi zaidi wanatafuta lejaleja kwa wenye mashamba wale wale, na ujira unashuka. Hilo ni suala la kazi, na pia ni suala la amani, maana ugomvi wa kuni na mifugo kuingia mashambani huanzia hapo.

Wakimbizi wanaruhusiwa kufanya kazi kisheria?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na sifa hiyo inastahili. Lakini leseni ya biashara na mtaji havitolewi na sheria hiyo.

Na wasichana wanaokwenda Uarabuni? Natafuta wa kuhoji.

Usianzie uwanja wa ndege Entebbe, pale kila mtu ana haraka na hofu. Anzia kwa jjajja, bibi aliyeachiwa watoto. Yeye ndiye anayejua pesa zilitumwa lini, zilikoma lini, na simu ya mwisho ilisema nini.

Neno la hapa ni kyeyo, yaani ufagio kwa Luganda. Zamani lilikuwa la wanaume waliokwenda kufagia Ulaya na Marekani. Siku hizi ukisikia kyeyo, fikiria msichana wa kazi Saudi Arabia, Oman au Falme za Kiarabu, anayeitwa kadama na waajiri wake na mwishowe hata na rafiki zake. Kule mfumo wa kafala umekuwa ukimfunga kwa mwajiri mmoja. Serikali ilipiga marufuku kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Saudi Arabia mwaka 2016 baada ya malalamiko mengi, ikaifungua njia tena mwaka uliofuata kwa makubaliano ya nchi mbili. Marufuku haikuwazuia wote. Wengine walipitia Kenya, bila karatasi yoyote ambayo ingewatetea.

Onyo langu ni hili: watafiti wanapenda hadithi ya mateso, na mateso yapo kweli. Lakini yupo pia aliyerudi na kujenga nyumba ya vyumba vitatu Mukono, akalipa karo ya wadogo zake, na anataka kwenda tena. Nilimhoji mmoja aliyekuwa na kovu la pasi mkononi na hati ya kiwanja kwenye mkoba, siku moja, meza moja. Ukimwandika kwa kovu tu, umemnyang'anya kiwanja.

Wanawake wa Uganda wamefanya nini hasa katika amani? Mwalimu wangu anataka mifano, si nadharia.

Mwanzie Betty Bigombe. Mwaka 1988 alipewa uwaziri wa mambo ya kaskazini, akahamia Gulu, na miaka ya 1993 na 1994 akawa na mazungumzo na waasi wa LRA, akakutana na kiongozi wao Joseph Kony uso kwa uso porini. Mazungumzo yalivunjika Februari 1994 baada ya rais kuwapa waasi siku saba. Alirudi tena kwenye upatanishi muongo uliofuata, kabla ya mazungumzo ya serikali na LRA mjini Juba.

Halafu Aboke. Usiku wa 9 kuamkia 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA walivamia shule ya St. Mary's, wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, Mwitaliano, akawafuata kwa miguu msituni na kurudi na 109. Thelathini wakabaki. Wazazi, akiwemo Angelina Atyam ambaye bintiye alikuwa miongoni mwao, wakaunda chama na kudai watoto wote warudishwe, si wa Aboke peke yao.

Mwaka 2006, mazungumzo ya Juba yalipokuwa yamejaa wanaume, wanawake walisafiri na mwenge wa amani kutoka Kampala kupitia kaskazini hadi Juba kudai wasikilizwe. Wakati huo Azimio 1325 la Umoja wa Mataifa, la wanawake, amani na usalama, lilikuwa na miaka sita, na Uganda ikaandika mpango wake wa kwanza wa kulitekeleza mwaka 2008. Shirika la Isis-WICCE, lililohamia Kampala kutoka Geneva mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa limeshakusanya ushuhuda wa wanawake wa vita kwa miaka mingi.

Hao ndio wenye majina. Mimi napenda pia umtafute asiye na jina pale Mpondwe, mpaka wa Kasese na Kongo, siku ya soko. Wachuuzi wa pande mbili wanakopeshana samaki na mchele kwa neno tu. Mpaka ukifungwa kwa sababu ya vita au ugonjwa, deni linangoja. Hakuna aliyewaita kwenye warsha.

Niulize vipi kuhusu ubakaji?

Swali langu kwako kwanza: utafiti wako unalihitaji kweli? Kama unachunguza biashara ndogo ndogo, liache. Mwanamke yule yule wa Kyangwali ameshaulizwa na mashirika matatu.

Kama unalihitaji, usilete neno "kubakwa" wewe. Wengi watasema "walinishika kwa nguvu", au "walinifanyia vibaya", au watasema "halafu wale watu wakaja" na kunyamaza. Kimya hicho usikijaze. Uwe umeshajua kabla ni mshauri gani yuko karibu na yuko zamu siku hiyo.

Kaskazini kuna neno jingine la kuangalia, "mke". Wasichana waliotekwa na LRA waligawiwa makamanda na kuitwa wake zao. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilimtia hatiani Dominic Ongwen kwa makosa 61, yakiwemo ndoa ya kulazimishwa na, kwa mara ya kwanza katika mahakama hiyo, mimba ya kulazimishwa. Ukiandika "aliolewa porini" bila alama yoyote, umeandika kwa lugha ya mtekaji. Na wanawake hao walichimba, walibeba mizigo, walipika kwa miaka. Hiyo ni kazi pia, ya kulazimishwa, na mtafiti wa kazi mara chache anaihesabu.

Jinsia ni wanawake tu?

Hapana. Wapo wanaume waliofanyiwa ukatili huo huo vitani, na Kampala wakimbizi wanaume wameunda vikundi vya kusaidiana. Wao hawana hata neno la kuanzia.

Mimi ni mwanamume. Naweza kuhoji?

Kazi, ndiyo. Uhamiaji, ndiyo. Mengine, mtume dada.

(Swali la mama wa Nakivale) Nikijibu maswali yenu, jina langu litafika kwa wanaopeleka watu Marekani?

Hapana, mama. Mtafiti hana orodha hiyo wala hamjui anayeishika. Ukijibu hakuna unachoongezewa, ukikataa hakuna unachopunguziwa.

Nawaomba watafiti waseme hivyo mara tatu: mwanzo, katikati na mwisho. Fomu ya ridhaa yenye kurasa nne haisemi hivyo popote, na mama anatia dole gumba akiwa na tumaini ambalo hamkulileta lakini mmelikuta. Tumaini hilo linabadilisha majibu. Atakupa habari anayodhani unaitaka.

Nimlipe kiasi gani aliyehojiwa?

Nauli na fidia ya muda wake, kiasi kilichopitishwa na kamati ya maadili, na wote sawa. Sabuni na sukari zinapokelewa vizuri, ila zifunge ndani ya kitu. Majirani wanahesabu.

Naweza kupiga picha?

Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka ridhaa yake. Mimi nakataa hata ridhaa ikiwepo, kama anayehojiwa amekimbia mtu na si vita tu.

Msaidizi wa utafiti ataandikwa jina?

Swali hili naliuliza mimi siku hizi, kabla sijakubali kazi. Niliwahi kufanya mahojiano sitini na mawili kwa mtafiti wa chuo kimoja cha ng'ambo, nikayatafsiri yote, nikamweleza maana ya methali mbili zilizokuja kuwa vichwa vya sura zake. Kitabu kilipotoka nilishukuriwa kama "mkalimani wa eneo". Methali zilipewa ukurasa.

Nirudishe vipi matokeo kwa waliohojiwa?

Si kwa ripoti ya Kiingereza. Rekodi sauti ya dakika tano kwa Kiswahili chao na uitume kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa au cha akiba. Itasikilizwa, na watakujibu kwa sauti pia, wakikusahihisha. Masahihisho hayo ndiyo data bora niliyowahi kuona.

Nifike saa ngapi?

Wa vitenge ameshatoka saa mbili asubuhi. Wa lejaleja anatoka saa kumi na mbili na kurudi saa saba amechoka, mwache ale. Njoo saa tisa. Ukikuta anachambua maharagwe, usitoe hojaji kwanza. Omba ungo.